Kadirisha ka Kuchagua Folda

Buhongwa, dukani, mlango nimeshaufunga

Minza, mama yangu,

Usishangae kuona barua. Ningeweza kukutumia ujumbe kwenye simu, lakini ujumbe wa simu ungeujibu, na mimi leo sitaki kujibiwa. Nataka niseme mpaka nimalize. Tena nimeandika kwa kalamu, mimi mwenye printa mbili, kwa hiyo ujue jambo ni zito. Mwandiko ukikushinda usimwonyeshe mtu, watasema fundi wa Buhongwa anaandika kama kuku anayeparua. Ndio mwandiko niliotoka nao kidato cha pili, na sikurudi kuchukua mwingine.

Mambo ya sufuria, shuka, dawa za malaria na nani wa kumsalimia ukifika Morogoro, mama yako ameshayasema, na kesho stendi ya Nyegezi atayasema tena mpaka kondakta amwombe ashuke kwenye basi. Mimi nayaruka. Nataka kuongea habari za mimi na wewe na ile makro, na ile fomu ya chuo, maana tangu siku ya fomu tunasalimiana kama wapangaji. "Shikamoo baba." "Marahaba." Kila mtu chumbani kwake. Mimi mdomo wangu unajulikana mpaka Usagara, na bado kuna neno moja dogo nimeshindwa kukuambia.

Acha nianze na sifa zangu, kwa sababu wewe hutanianzia.

Ile makro ya ripoti, ile programu ndogo ya ndani ya eksel, niliiandika mimi. Narudia: mimi. Mwalimu analeta alama za darasa zima kwenye jedwali la eksel, nabonyeza kitufe kimoja, kompyuta inatulia kama mwanafunzi mtiifu na kumtengenezea kila mtoto ripoti yake, jumla, wastani, nafasi, maoni ya mwalimu wa darasa, mpaka majina yanaisha. Nilijifunza kwa kuangalia video na kwa kuharibu. Siku ilipokubali mara ya kwanza nilitoka nje nikamwita muuza chipsi wetu, "Njoo uone mtu." Akaja, akaangalia, akasema, "Mayai yangu yanaungua," akarudi kwenye karai lake. Watu wa hapa hawajui kuheshimu.

Shida ilikuwa mstari mmoja tu. Ripoti zikishatengenezwa lazima ziende kukaa mahali, na mahali penyewe nilipaandika mle mle ndani ya makro: diski D, folda inaitwa RIPOTI ZA BOSI. Kwenye kompyuta yetu ipo. Kwingine kote duniani haipo. Nilipoipeleka makro kwenye kompyuta ya ile shule ya Usagara ikagoma, inatafuta D, D hakuna. Mtu mwingine angerekebisha ule mstari. Baba yako alileta flashi. Nikaichomeka, kompyuta ikaiita D, nikatengeneza humo folda ya bosi, nikaifunga flashi na kamba nyekundu ya kiatu, nikamkabidhi Mwalimu Specioza, mwalimu wao wa taaluma. Nikamwambia kwa sauti nzito, "Hii ndiyo roho ya mashine, mwalimu. Ichomekwe kabla ya flashi nyingine yoyote."

Yule mama wa watu akaitunza kama ufunguo wa sanduku la sadaka. Lakini siku mwalimu mwingine akitangulia kuchomeka ya kwake, ile yetu inaitwa E, makro inakufa, ananipigia simu. Mimi huyo juu ya bodaboda mpaka Usagara, nachomoa flashi, naichomeka tena, walimu wamesimama wananiangalia. Nikimaliza napangusa mikono kama daktari anayetoka chumba cha upasuaji. Nilizipenda zile safari, Minza. Mtu akikuhitaji kwa kitu ambacho wewe mwenyewe ndiye uliyekivuruga, bado masikio yanasikia ni sifa.

Halafu ukamaliza kidato cha sita, ukaja kukaa dukani kusubiri matokeo, na siku ya kwanza tu ukafungua makro yangu ukaanza kuisoma kwa kidole.

"Baba, hii njia ya folda mbona umeiandika humu ndani?"

"Ili isipotee."

"Si uwaulize wanataka kuhifadhi wapi? Kuna kadirisha ka kuchagua folda. Kanafunguka, mtu anachagua mwenyewe, makro inaendelea."

"Mteja ukimuuliza maswali anajua hujui kazi. Umewahi kuona kinyozi anakuuliza kichwa chako kiko wapi?"

"Anauliza anyoe vipi."

Nikakutuma ukanunue wino. Ukasema, "Wino upo, baba." Nikasema, "Kanunue mwingine."

Sasa Kulwa. Kwetu mapacha hawasumbui mtu kutafuta jina: anayetangulia kutoka ni Kulwa, anayefuata ni Doto, awe wa kike awe wa kiume. Hilo nalijua tangu utoto. Na akina Masanja tumejaa kama dagaa. Lakini makro yangu ilikuwa inaliita kila faili kwa jina la mtoto, na kuyatupa yote mle mle kwa bosi, na muhula ule nilichukua kazi ya shule mbili kwa mpigo, moja ya Igogo na ile ya Usagara ambayo kompyuta yao ilikuwa imelala mgonjwa. Igogo wana Kulwa Masanja, kidato cha nne. Usagara wana Kulwa Masanja, kidato cha nne. Nikatengeneza za Igogo, nikaja za Usagara, Kulwa wa pili akamkalia Kulwa wa kwanza, na kompyuta haikuguna hata kidogo. Nikachapa kwa kufuata orodha ya majina, za Igogo kwenye karatasi zenye nembo ya Igogo, nikazipeleka mwenyewe huku napiga mluzi.

Unamkumbuka yule mama alivyoingia. Mama wa makamo, anauza dagaa pale Igogo, kanga imefungwa kiunoni kwa ajili ya vita.

"Fundi ndiye wewe?"

"Ndiye mimi. Shikamoo mama, karibu."

"Shikamoo yako kaa nayo kwanza. Soma hapa."

Nikasoma. Maoni ya mwalimu wa darasa: apunguze kupigana, na anyoe ndevu.

"Kulwa wangu ni huyu," akamvuta binti aliyekuwa amejificha nyuma yake. "Haya, fundi. Nionyeshe ndevu."

Mimi kicheko kilishafika kooni. Nakiri, nilikuwa naandaa na utani wa pili. Wewe ulikuwa unamwangalia yule binti, na ndipo na mimi nikamwona. Macho yamevimba kama ameumwa na nyuki. Mama yake akaeleza kwamba baba mtu ameziona zile alama, amesema mtoto wa mwisho darasani hana la kufanya shule, Jumatatu apelekwe Geita kwa shangazi yake akasaidie mgahawani.

Ulikaa kwenye kompyuta ukatafuta alama zake za kweli. Alikuwa wa tatu. Ukamchapia ripoti yake, ukaikagua mara mbili, ukasimama. "Mama, twende. Nitamweleza baba yake mwenyewe."

Nikasema, "Nenda nao, mimi printa imekwama."

Printa haikuwa imekwama. Printa ilikuwa imezimwa. Nilikaa pale naiangalia mpaka uliporudi.

Yaliyotokea huko hukunisimulia, nilisimuliwa na mama Kulwa mwenyewe siku nyingine, safari hii akipokea shikamoo yangu. Alisema ulipiga goti ukamsalimia mume wake vizuri, ukamwambia kosa ni la duka letu. Duka letu. Hukusema la baba. Mzee akauliza, "Na hii nitajuaje siyo ya mtu mwingine tena?" Ukamwambia asikuamini wewe, apigiwe mwalimu wa darasa, na ukakaa pale kwenye kigoda mpaka mwalimu akapatikana kwenye simu na kuthibitisha kila somo. Jumatatu Kulwa alikwenda shule. Mama yake aliniambia, "Yule binti yako amelelewa." Nikamjibu, "Nimemlea mimi," na sikuona haya.

Uliporudi siku ile ulisema neno moja tu: "Sogea, baba." Nikasogea. Kile kiti cha bosi alikuwa hajawahi kukikalia mtu mwingine, hata mchungaji alipokuja kuchapa ratiba ya ibada alisimama.

Ukaufuta mstari wangu, ukaweka wako. Jaribio la kwanza, kadirisha kakafunguka vizuri, ukachagua folda inaitwa IGOGO, na faili zote zikatua nje ya folda, kila moja imebandikwa neno IGOGO mbele ya jina la mtoto kama ukoo mpya. Nilicheka mpaka muuza chipsi akaja kuuliza nani kafa. Wewe hukukasirika. Ukaangalia, ukaona kwamba kompyuta ikikuletea njia ya folda haiweki ule mkwaju wa mwisho, kile kistari cha mshazari kinachotenganisha folda na faili, inabidi uuweke mwenyewe. Ukauweka. Zikaingia ndani zote, kimya. Na kwenye jina la kila faili ukaongeza namba ya usajili ya mtoto, ili hata wakiwa Kulwa kumi asimkalie mwenzake.

Nikaona hapana, haiwezekani ushinde hivihivi. Nikanyoosha mkono nikafungua kadirisha, halafu nikakafunga bila kuchagua kitu. Makro ikaanguka chali.

"Nani atafungua dirisha halafu alifunge bila kuchagua?" nikasema, najifanya mtetezi wa wateja.

"Wewe, baba. Umefanya sasa hivi."

Ukaandika kwamba mtu asipochagua, makro isimame kwa adabu, imwambie: Hujachagua folda, hakuna kilichoharibika. Nikakuuliza kwa nini unaibembeleza mashine iseme maneno mengi hivyo. Ukasema mtu akikosea kwenye kompyuta anaogopa, anadhani amevunja kitu, na akiogopa harudi. Mimi nimekaa na wateja miaka yote hii, nimewaona wakiogopa, na nilidhani ni heshima.

Kompyuta ya Usagara ilipopona, tukaenda pamoja kumpelekea Mwalimu Specioza makro mpya. Akabonyeza, kadirisha kakafunguka, akainua mikono juu kama amekamatwa.

"Sasa nichague ipi?"

"Unayotaka wewe, mwalimu," ukasema.

"Fundi, ipi?"

Mkono wangu ulikuwa umeshaanza safari kwenda kwenye mausi. Ukanikanyaga mguu. Ulinikanyaga, usikatae, na kiatu kilikuwa kile cha shule. Nikaurudisha mkono, nikasema, "Unayotaka wewe." Akafikiri. Akatengeneza folda mpya, akaiita kwa jina la kidato na muhula, akaichagua, akabonyeza, ripoti zikajipanga humo mstari mmoja. Akageuka na kutuangalia, akacheka mpaka miwani ikashuka. "Kumbe naweza!" Walimu wakaja wakasimama nyuma yake, na safari hii hakuna aliyeniangalia mimi. Nikiwa kwenye bodaboda ya kurudi nilikuwa na kidonda kidogo moyoni, na juu ya kidonda kulikuwa na kifua kimejaa hewa. Nilimwambia dereva, "Yule ni wangu." Akauliza, "Yupi?" Nikamwambia angalia barabara.

Ungedhani mtu aliyeona yote hayo angekuwa amejifunza. Ndiyo maana naandika kwa kalamu.

Matokeo yalipotoka nikafunga duka mapema nikajaza fomu yako ya chuo. Mimi ndiye ninayewajazia nusu ya vijana wa Buhongwa, mtoto wangu ningemwachaje? Chaguo la kwanza, sayansi ya kompyuta. La pili, sayansi ya kompyuta, chuo kingine. La tatu nadhani unalijua. Kabla sijagusa hata herufi moja nilikuwa nimeshawatangazia muuza chipsi, kinyozi na mchungaji. Ukaingia na kikombe changu cha chai.

"Baba, hizo za nani?"

"Za mtu mmoja mwenye akili sana."

"Ameulizwa?"

Nikakuambia mtu anayeweza kuandika makro vile akasome nini kingine. Ukasema tiba ya mifugo. Nikacheka, nikidhani unanitania kama ninavyokutania.

"Ng'ombe?"

"Na mbuzi, baba. Na kuku."

Hapo mimi ndipo nilipochafuka. Unajua nilizaliwa Misungwi nyuma ya mikia ya ng'ombe. Babu yako hakuniuliza kitu, aliamka asubuhi moja akanipa fimbo, na kila nilipokuwa shuleni jina langu lilikuwa linaitwa malishoni. Kidato cha pili nilikimbia vyote viwili, shule na ng'ombe, nikaja mjini kubeba katoni za karatasi kwenye duka la fotokopi, na niliapa kwamba hakuna mtoto wangu atakayenuka zizi. Kwa hiyo ulipovuta kibodi na kusema, "Sogea kidogo, baba," safari hii sikusogea. Nilisema, "Duka hili ni langu, humu nachagua mimi."

Hukupiga kelele. Uliweka kikombe mezani, mpini ukiwa upande wangu, ukatoka. Ukaenda mpaka Igogo kwenye duka la mshindani wangu, ukajaza fomu huko. Minza! Bora ungenitukana. Yule bwana alinikuta sokoni baadaye akanichekea, "Binti yako hakutaka hata nimsaidie. Alijaza mwenyewe." Nilimjibu kwamba kwetu ndivyo tulivyo. Lakini nilikwenda nyumbani kwa njia ndefu.

Nilichokosea siyo kompyuta, mama. Kompyuta ni kitu kizuri na ungewachapa wote. Nilichokosea ni kwamba njia niliyoandikiwa mimi niliikimbia mbio, halafu nikakaa kwenye kiti cha bosi nikakuandikia ya kwako, tena kwa upendo, tena kwa herufi kubwa. Huko uendako utakutana na watu wa aina yangu. Hawana sura mbaya. Wanakuwa wachangamfu, wana msaada, wameshakuandalia kila kitu, kilichobaki ni wewe tu kukaa. Usiwachukie. Wakanyage mguu kidogo, kama unavyojua.

Na siku moja itakuwa zamu yako. Utaingia kwenye boma la mtu na koti lako jeupe, umesoma, umechoka, una haraka, na mzee atakuwa amesimama na ng'ombe wake hajui aseme nini. Muulize. Kwa mtu wa kwanza utaona unapoteza muda. Mimi nilipoteza binti dukani kwangu mwenyewe kwa kuokoa dakika chache.

Leo mchana nilimpigia babu yako simu kumwambia kwamba kesho unasafiri. Nilijiandaa kuchekwa, na alinicheka, usijali. Lakini alinisimulia jambo. Kumbe likizo ile uliyokwenda kwake, ng'ombe alikwama kuzaa, ndama amekaa vibaya, na daktari wa mifugo alipofika wewe ndiye uliyeshika kamba tangu mwanzo mpaka mwisho, huku unauliza maswali mpaka daktari akauliza, "Huyu ni nani?" Ndama alitoka hai. Ulirudi Buhongwa ukakaa nalo kimya, kwa sababu kwangu habari za ng'ombe hazitajwi. Jambo kubwa kuliko yote lililowahi kukutokea, na baba yako hakuwahi kulisikia kwa vile hakuuliza.

Jioni akaja mteja, akauliza, "Binti ndiyo anakwenda kusoma kompyuta?" Nikaweka karatasi chini. Nikamwambia, "Kompyuta anaijua tayari. Anakwenda kusoma udaktari wa mifugo. Kama una ng'ombe anayekohoa jiandikishe mapema, foleni itakuwa ndefu." Muuza chipsi akadakia, "Si ulisema kompyuta?" Nikamjibu ni mafuta yake yanapiga kelele, ndiyo maana hasikii vizuri. Nimelisema mbele ya watu, kwa sauti yangu ile ya matangazo, na nimeona halinichomi. Linanoga mdomoni. Daktari Minza. Nimelirudia mpaka mteja akaondoka.

Basi lile neno nililokuwa nashindwa ni hili: nenda. Nenda, mama yangu, kwa njia uliyoichagua, na ukifika mlango wowote usiseme umetumwa na baba. Sema umekuja.

Babu yako amekutengea mtamba, mweusi mwenye baka jeupe shingoni. Anasema ni wako mpaka utakaporudi, na nikamuuliza nani atamwangalia siku zote hizo. Kabla hajajibu nikajisikia nasema, "Mimi." Kwa hiyo kesho basi lako likishaondoka sifungui duka. Nakwenda Misungwi kumwona ng'ombe wako, nimeazima buti za kinyozi. Sijasogelea ng'ombe tangu nilipotoroka kidato cha pili, na sina wa kumuuliza bila kuchekwa isipokuwa wewe. Ukifika Morogoro nipigie, uniambie mtu anasimama upande gani wa ng'ombe.

Baba yako